Kupamba nyumba ya biskuti ya tangawizi kwa pipi

Mimi hupamba kuta zikiwa bado zimelala mezani. Hapo pipi haziteremki. Gundi yangu ni ute wa yai 1 uliopigwa na gramu 250 hivi za sukari ya unga, mpaka ukiinua kijiko ncha ibaki imesimama. Ukichuruzika, ongeza sukari. Funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu, maana hukauka upesi mno.

Simamisha kuta, ziache usiku kucha, ndipo uweke paa na kuliacha nalo likauke.

Paa ndilo nilipendalo hasa. Anzia ukingo wa chini, panga pipi bapa ukipanda, kila safu ilalie kidogo ile iliyo chini yake, kama vigae. Paka gundi safu moja moja tu. Pipi nzito zikae chini, kandokando ya mlango.