Mguu wenye ganzi haukwambii ukweli: refleksolojia kwa wateja wenye maradhi ya neva

Kazi yangu ni refleksolojia, yaani kubonyeza sehemu za unyayo ambazo kwenye ramani yake kila moja huwakilisha kiungo fulani cha mwili. Mteja wangu wa kwanza wa kiharusi alikuwa mama mtu mzima, upande wa kulia umepooza na misuli imekakamaa. Nilimbonyeza kwenye mto wa unyayo, chini ya vidole, mguu ukaanza kupiga-piga wenyewe kama anakanyaga cherehani. Nikafurahi, nikidhani mwili umeitikia. Kumbe misuli ya shavu la mguu ilivutwa ghafla na neva zikashindwa kuituliza, nami nikazidi kubonyeza.

Likikupata hilo, toa kidole, kunja goti lake kidogo, kisha ushike mguu kwa utulivu mpaka uache. Siku hizi mguu wa namna hiyo naushika kwa kiganja kizima, naanzia kisiginoni, na ule mto wa unyayo mara nyingi siugusi kabisa.

Kabla ya mafuta, chukua kipande cha pamba. Mwambie mteja afumbe macho, umguse hapa na pale, akuambie wapi anahisi. Dakika mbili zinatosha. Tumezoea kumuuliza mteja, "Nimebana sana?" Mguu wenye ganzi utajibu "hapana" hata ukiuumiza. Kwa hiyo pima nguvu ya kidole chako kwenye mguu usio na ganzi, kisha punguza unapohamia ule mwingine. Kama amepoteza maneno baada ya kiharusi, kubalianeni ishara ya "acha" mapema, na macho yako yakae usoni kwake. Angalia pia shavu la mguu: likiwa limevimba upande mmoja, lina joto na linauma, usilikande. Huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Beseni la maji ya moto sahau. Asiyehisi ataungua bila kujua, na mwenye sklerosisi ya neva (multiple sclerosis, ugonjwa unaoharibu utando wa neva) joto humwongezea uchovu na kumfifishia macho kwa muda. Kitambaa cha uvuguvugu kinatosha.

Kwa mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ukakamavu, saa ni muhimu kuliko ramani ya nyayo. Muulize anameza levodopa, dawa yake ya ugonjwa huo, saa ngapi na inaanza kumkolea lini, umpange wakati huo, mwili ukiwa mwepesi. Mguu ukitetemeka usiubane ili utulie. Weka kiganja, nacho kiufuate. Mtetemeko huzidi mtu akiwa na wasiwasi, na kushikwa kwa nguvu ni wasiwasi mtupu. Ukimaliza, usimsimamishe. Aketi kwanza, miguu chini, dakika kadhaa, kwa sababu presha yake huweza kushuka anapoinuka.

Kuna hali moja isiyosubiri. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni akianza ghafla kuumwa sana kichwa, uso ukaiva na jasho likamtoka, presha yake inapanda vibaya. Toa mikono, mketishe wima, legeza nguo zinazobana, angalia kama mrija wa mkojo umejikunja, na uite msaada wa dharura.

Ramani nayo? Ile aliyoieneza Eunice Ingham miaka ya 1930 huweka kichwa kwenye kidole gumba na uti wa mgongo kwenye ukingo wa ndani wa unyayo. Mimi napita humo taratibu, dakika 20 badala ya 45, lakini simwambii mtu kwamba nikibonyeza gumba narekebisha ubongo. Hakuna ushahidi wa hilo. Ninachoahidi ni kupumzika, labda na usingizi mwepesi kuja usiku, na dawa zake zinabaki kama daktari alivyoandika.

Yule mama aliendelea kuja. Kila mara aliniwekea mguu wa kushoto kwanza, akinyanyua ule wa kulia kwa mkono wake wa kushoto na kuulaza juu ya mto, mimi nikisubiri.