Kuandika riwaya ya kutisha: msafara ulionaswa pangoni na uovu wa kale

Anza na mlango, shetani atasubiri. Waandishi wengi hukesha wakibuni meno na makucha, halafu ikifika sura ya kumi msomaji anauliza: mbona hawa watu hawatoki? Ukikosa jibu, riwaya imekufia mkononi.

Kwa pango la chokaa, mvua ni kufuli nzuri kwa sababu haihitaji uchawi. Mwaka 2018, katika pango la Tham Luang huko Thailand, wavulana 12 na kocha wao waliingia Juni 23, maji yakawafungia nyuma. Walipatikana Julai 2, na wa mwisho wakatolewa Julai 10. Oksijeni humo ilishuka hadi kama asilimia 15. Funga mlango wako kabla ya sura ya tano, na uandike pia kwa nini hakuna anayewatafuta: waliaga kwamba watarudi Ijumaa, na leo ni Jumatatu.

Sasa piga hesabu ya hewa. Mtu aliyetulia hutoa takriban lita 20 za kabonidioksidi kwa saa, kwa hiyo watu sita hutoa lita 120. Chumba cha mita 5 kwa 4 kwa 3 kina lita 60,000. Asilimia 3 yake ni lita 1,800, kiwango ambacho pumzi huenda mbio na kichwa huanza kugonga. Hapo una kama saa 15. Wakianza kuchimba na kugombana, hazifiki hata nusu. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba mapango mengi hupumua kupitia nyufa. Ukitaka hewa iwe adui, ziba nyufa hizo kwa matope mbele ya macho ya msomaji.

Mwanga nao uwe na daftari lake: kila sura, betri ngapi zimebaki na nani anazo. Chini ya mwamba simu haina mtandao, lakini bado ni tochi. Mwandishi akiisahau, msomaji haisahau.

Wahusika sita wanatosha. Kila mmoja ashike kitu kimoja ambacho wengine hawakijui: kamba, dawa, ramani, lugha ya maandishi ya ukutani. Usianze kumuua yule anayechukiwa na wote, maana msomaji atashusha pumzi. Muue mwenye kamba sura ya 9, na lile shimo waliloteremka sura ya 6 litakuwa halipandiki tena.

Uovu wenyewe uupe miiko. Ukiuita jini, jua umekopa deni: msomaji wa Kiswahili anajua jini husomewa, hupungwa, hata huahidiwa kafara. Lazima mmoja wao ajaribu mapema, na tuone kwa nini haikusaidia. Labda kiumbe ni cha kale kuliko lugha yoyote anayosomewa. Mwiko (tuseme, hakigusi aliyenyamaza) ufanye kazi mara mbili, kisha uvunjwe na binadamu mwenzao kwa sababu inayoeleweka: kikohozi, au kumwita mtoto wake usingizini. Umbo zima lisionekane kabla ya theluthi ya mwisho.

Dokezo lililoachwa na waliotangulia kuingia pangoni huandikwa vibaya kuliko sehemu nyingine yoyote. Watu hujaza shajara kwa mayowe na alama za mshangao. Tazama karatasi iliyoachwa na msafara wa meli wa John Franklin, mpelelezi Mwingereza, kwenye kisiwa cha King William, kaskazini mwa Kanada. Mei 28, 1847 waliandika kwamba wote wazima. Pambizoni mwa karatasi hiyohiyo, Aprili 25, 1848, wakaongeza: Franklin alifariki Juni 11, 1847, waliokufa ni 24, waliobaki 105 wameziacha meli na kesho wanaanza safari. Hakuna neno la hofu, na ndiyo maana inatisha. Dokezo lako liwe na tarehe, idadi na kazi iliyopangwa kesho yake.

Rasimu ikiisha, tafuta kila “aliona” katika kurasa ambazo tochi imezimika, ufute. Gizani wana masikio, ngozi na pua tu: tone la maji, ukali wa kinyesi cha popo, jiwe lililokuwa baridi jana na leo lina joto la mwili.