Ulishawahi kuumia? Nenda kupima na ripoti yako

Wadogo zangu mnaoomba kazi bandarini au viwandani hapa Tanga, kama ulishawahi kuvunjika mguu au kuumia mgongo usiende kupima afya huku unaomba daktari asione, kovu linaonekana na chuma kwenye eksirei hakijifichi. Pita kwanza hospitali ya Bombo au popote ulipotibiwa, omba ripoti iandikwe uliumia nini, lini, na sasa hivi unaweza kuinama, kubeba, kupanda ngazi, hapo ndo penye uzito maana kinachotakiwa kupimwa ni kama kazi ile unaiweza, sio kama mwili wako haujawahi kuguswa. Kupima ni sheria, ile ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, usigombane nayo. Ila Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kwa ajili ya ulemavu na inamlinda hata anayeomba kazi, hili wengi hawalijui na linaniuma kweli. Ukiulizwa sema ukweli, siku ukiumia tena kazini ukaenda kudai fidia WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, itakuwa rahisi kutenganisha jeraha la zamani na jipya. Nakala moja ya ripoti baki nayo nyumbani.