Kuusoma upepo na maji kabla ya kutupa mshipi Mombasa

Mvuvi wa mshipi anayefika ufukweni Likoni au Nyali na kuanza kwa kuchagua ndoana ameanzia mwisho. Kwanza autazame upepo, kisha maji, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyoamua samaki amejificha wapi, anaona umbali gani na kama anakula saa hiyo.

Upepo wa kaskazi, unaotawala tangu Desemba hadi Machi, huilaza bahari na kuyafanya maji kuwa maangavu, na huo ndio msimu wa kuvuka mwamba kwenda kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ili kupata nguru, jodari na kolekole wanaoyafuata makundi ya dagaa karibu na uso wa maji. Lakini katika maji hayo samaki naye huuona uzi mnene vizuri kama unavyouona wewe. Tumia uzi mwembamba, uifiche ndoana yote ndani ya chambo, na ufike kabla jua halijapanda, kwani mchana samaki wengi wa miambani hushuka kwenye vivuli vya mawe. Siku ya mawingu unaweza kuendelea hata baada ya saa nne.

Kusi inapoingia, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mambo hugeuka. Maji hupoa polepole, mawimbi hutibua mchanga, na nje ya mwamba hapawi tena mahali pa mtumbwi. Wengi hukunja mishipi yao, jambo ambalo kwangu ni kosa, maana ndani ya mwamba na katika hori, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, za Tudor, Mtwapa na Port Reitz bado kuna changu na kolekole. Katika maji ya vumbi samaki hutegemea zaidi harufu, na pia ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Kwa hiyo chambo kiwe cha kunuka, ngisi au dagaa, kikatwe kipande kirefu na chembamba kinachochezacheza kwenye mkondo.

Kusi moja nilitoka Mtongwe na chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) ile ile niliyoizoea wakati wa kaskazi; mshipi ulikwenda mshazari ukawa kama unaelea, na asubuhi nzima chambo hakikugusa chini. Dawa yake ni kuongeza risasi kidogo kidogo mpaka uisikie ikigonga mchanga, huku mshipi umepita juu ya kidole cha shahada. Mkondo huvuta mfululizo, bila kuachia. Changu hudonoa, hutulia, kisha huondoka nacho.

Nguvu ya mkondo huo hutokana na mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na hapa Mombasa maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa karibu na saa nne. Yanapoanza kupanda, samaki hupanda nayo kwenye nyasi za bahari kutafuta kaa na kamba, nawe uwe umeshatupa. Mlangoni mwa Kilindini, kinyume chake, subiri maji yasimame, kwani yakishika kasi hakuna chubwi ya mkononi itakayotulia. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi ambapo maji hayajai wala kupwa sana, huruhusu risasi ndogo na kina kirefu.

Mvua za masika zina tabia yake. Maji matamu ni mepesi, hivyo hukaa juu ya maji ya chumvi, na samaki wengi husogea chini au kuelekea mdomo wa hori. Siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, maji yanapojaa, utaona mstari wa povu na majani pale maji ya kahawia yanapokutana na ya buluu: tupa upande wa buluu, sambamba na mstari wenyewe.

Kwa ngisi wanaovuliwa kwa taa ya karabai, chagua usiku wa kiza, kwani mbalamwezi huififisha taa.

Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Ukiona wingu jeusi likija na upepo wa ghafla wa baridi, kunja mishipi kwanza isije ikajizonga kwenye kafi, ng'oa nanga, na ukikutwa na wimbi lielekezee omo, yaani mbele ya chombo.