Kuvuka jangwa la Simpson kwa gari: kila kitu kinaanza na upepo wa tairi

Kuendesha mchangani nilijifunzia Chalbi, kaskazini mwa Kenya, nikajiona nimeiva. Simpson, katikati ya Australia, ikanirudisha darasa la kwanza. Chalbi imelala kama sinia. Simpson ina matuta zaidi ya 1,100 yaliyojipanga sambamba, na njia inayakata moja baada ya jingine mpaka mgongo unaomba msamaha.

1. Chagua majira na upande wa kuanzia

Kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi hifadhi ya jangwa hili hufungwa kwa sababu ya joto. Mimi huenda Julai: mchana ni mzuri, usiku unalala na soksi mbili. Anzia magharibi, Mount Dare au chemchemi za Dalhousie, umalizie Birdsville, upande wa mashariki. Upepo umeyalaza matuta upande wa magharibi na kuyasimamisha upande wa mashariki, kwa hiyo anayetoka Birdsville anapanda ule ukuta siku nzima. Vibali lipia kabla ya kuondoka: jimbo la South Australia wana chao, na ukilala upande wa jimbo la Queensland kuna kingine.

2. Pakia kidogo, ila mafuta na maji usiyabanie

Kati ya Mount Dare na Birdsville hakuna kituo cha mafuta. Gari langu la dizeli linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 barabarani, hapa linakunywa 20 na zaidi. Maji nabeba lita 10 kwa kila mtu kwa siku, kisha naongeza ya siku mbili za kukwama. Koleo, kompresa ya kujazia upepo, geji ya kupimia upepo wa tairi, kamba ya kuvutia, simu ya setilaiti, na kipande cha ubao mnene. Jeki isiyo na ubao chini yake inajizika yenyewe. Trela iache nyumbani.

Funga bendera ya rangi ya machungwa. Ukiifunga kwenye ngao ya mbele, ncha yake ifike mita 3.5 kutoka ardhini, ili anayepanda tuta upande wa pili aione kabla hamjabusiana pua kileleni. Redio ya mawasiliano ya UHF iweke chaneli ya 10 na useme ulipo kila baada ya muda.

3. Toa upepo

Hapa ndipo wengi wanapokuwa wabishi. Safari yangu ya kwanza nilishusha hadi psi 26 (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi, na namba zote hapa ni zake) nikaona inatosha. Tuta moja lilinikatalia mara tano, kila mara nikiongeza mwendo, vyombo vikigongana nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaniambia redioni, kwa upole, nitoe upepo. Nikashusha hadi 16. Nikapanda kama naenda sokoni.

Tairi lililolegea linarefuka chini, linakanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Anza na 18. Piga magoti, bonyeza valvu kwa ncha ya kijiti, hesabu hadi 20, pima, rudia. Kumbuka 18 ya alfajiri inaweza kusoma 21 au 22 saa saba mchana tairi likipata moto, kwa hiyo pima tena baada ya chakula. Na yale mashimo yanayokurusha hadi kichwa kigonge paa kabla ya kila tuta? Yamechimbwa na matairi magumu ya waliotutangulia.

4. Kupanda

Weka 4L (magurudumu yote manne, gia nzito), gia ya pili au ya tatu, ushike kasi mapema pale chini. Usibadilishe gia katikati. Ukikaribia kilele punguza mafuta kidogo, maana huoni ng'ambo, na njia mara nyingi inakata kona palepale juu.

Likikataa, usizungushe matairi. Tia rivasi, rudi chini kwa alama zako mwenyewe, usukani umenyooka. Anayejaribu kugeuza gari katikati ya mteremko hulilaza ubavu. Punguza upepo kwa 2, kisha jaribu tena.

5. Ukikwama

Ondoa mchanga mbele ya matairi yote manne na ule uliobeba uvungu, shusha hadi 12, toka polepole bila kukata kona kali, la sivyo tairi litatoka kwenye rimu. Kamba usiifunge kamwe kwenye kichwa cha kuvutia trela: kikikatika kinaruka kama risasi.

Kila jioni chungulia uvunguni. Nyasi za spinifeksi hujikusanya karibu na ekzosi, zikawaka.

6. Chumvi, kisha Big Red

Karibu na Poeppel Corner, inapokutana mipaka ya South Australia, Queensland na Northern Territory, kuna maziwa ya chumvi. Usitoke njiani hata mita moja. Chini ya ule ukoko mweupe ni tope. Poeppel aliyepima mpaka huu mwaka 1880 alikuwa na mnyororo wa kupimia uliozidi kwa inchi moja hivi, na nguzo yake ikabidi ihamishwe. Geji yako nayo ilinganishe na ya mwenzako.

Big Red, tuta la mwisho, lina mita 40 hivi. Kuna njia ya kulizunguka, na hakuna atakayekucheka. Ukishuka tu, kabla ya changarawe za Birdsville, washa kompresa: mawe makali huchana tairi laini. Langu huchukua dakika saba kila tairi, chai inatosha kuchemka.