Kabla ya kuhamia Windows 11, ichunguze programu yako ya zamani

Kama hesabu za biashara yako bado ziko kwenye programu ya miaka ya 1990, usibonyeze kitufe cha kusasisha kwanza. Windows 11 ni ya biti 64 tu (biti hapa ni kipimo cha data ambayo kompyuta huchakata kwa mkupuo mmoja), na Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Ile hali ya upatanifu (compatibility mode) iliyomo kwenye sifa za faili huokoa programu nyingi za biti 32, lakini kwa biti 16 haifui dafu. Tena wengi hukwama hapa: programu yenyewe ni ya biti 32, kumbe kisakinishi chake ni cha biti 16, basi inagoma mlangoni.

Njia ninayoiamini ni kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yako. Unasakinisha Windows ya zamani ya biti 32, ambayo bado huendesha programu za biti 16, ndani ya ile mpya, programu inaishi humo, nawe unaikatia intaneti kwa sababu haipati tena viraka vya usalama. Jaribu kwa nakala ya data, uchapishe ankara moja mpaka karatasi itoke. Printa ndiyo huleta kisirani. Mashine ya zamani usiifute hadi ufunge hesabu za mwezi mzima kwenye mpya.