Mahakama Ikiagiza Ndugu Yako Akapimwe Akili

Kwanza acheni vilio kwenye viambaza vya mahakama. Amri ya kupimwa akili si hukumu, na haimaanishi kesi imekwisha. Kwa Tanzania Bara jambo hili limo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mahakama ikiona kwamba huenda mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda kosa, inaweza kuahirisha shauri na kuamuru azuiliwe hospitali ya magonjwa ya akili akachunguzwe. Wengi hupelekwa Isanga, Dodoma, taasisi ya kuwapima na kuwatunza washtakiwa wa aina hii, iliyo chini ya Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe. Daktari anatakiwa apeleke ripoti ya maandishi mahakamani ndani ya siku 42 tangu mtu azuiliwe pale hospitali. Kwa hiyo msianze kuhesabu siku hakimu alipotamka, halafu mkamfokee karani.

Andika namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe ya kutajwa. Bila hiyo namba kila dirisha utaambiwa njoo kesho.

Wakili mtafute mapema. Utetezi wa ugonjwa wa akili unatakiwa utajwe pale mshtakiwa anapoitwa kujibu shtaka, si baada ya mashahidi watano kupita. Kama mfuko umetoboka, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kaulizie.

Usimfundishe mgonjwa kujifanya. Kule anakula, anaoga na kulala wauguzi wakimwona, na maigizo hayadumu wiki sita.

Sasa hili lililotuumiza sisi.

Watu hudhani daktari anaulizwa kama mtu huyu ni mgonjwa leo. Leo nalo linaangaliwa, maana lazima aweze kufuatilia kesi yake na kujitetea. Ila ripoti inatakiwa iseme pia hali yake saa ile ya tukio. Sheria inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwenye kuonyesha ni upande wa mshtakiwa: kwamba kwa maradhi hakuelewa anachofanya, au hakujua kuwa hapaswi kukifanya, au hakuweza kujizuia. Mpaka anafika kwa daktari ameshakaa mahabusu miezi, pengine kapewa na dawa. Anaketi ametulia, anajibu salamu. Nani atamsimulia daktari siku ile?

Kaka yangu alimjeruhi jirani kwa panga alfajiri moja, akisema jirani anamwita usiku kucha kupitia bati la nyumba. Ugonjwa ulikuwa na miaka mitatu. Mama alimzungusha kwa waganga wawili, kisha hospitali ya wilaya, akawa anachomwa sindano kila mwezi, akaacha mwenyewe. Yote yaliandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi ilikuwa ndani ya sanduku la mama, chini ya vitenge. Alipoulizwa baba mdogo habari za nyuma, akajibu, "Ukoo wetu hauna wazimu." Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameshaposwa. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, maana mbele ya baba mdogo msichana hapingi. Ripoti ikaja: hakuonekana kuwa mgonjwa wakati wa tukio. Nimlaumu daktari kwa lipi? Tulimpa mtu asiye na historia.

Nililichukua sanduku mama akiwa shambani. Wakili akaomba daktari aitwe mahakamani, maana ripoti ni ushahidi kama ushahidi mwingine: anaweza kuhojiwa juu yake, na mahakama haifungwi na maoni yake. Daktari alishika ile kadi, akaipindua mara mbili, akasema, "Hii ningeiona mapema ningeuliza maswali mengine." Kaka akarudishwa kupimwa upya. Miezi mingine hiyo, na yeye ndani.

Basi kusanyeni kila kitu: kadi, vyeti vya dawa, hata kifuko kilichobaki na vidonge. Mtafuteni jirani aliyemwona akiongea peke yake, na mwenyekiti wa kitongoji aliyeitwa kusuluhisha. Semeni kama ana kifafa, kama aliwahi kuumia kichwa, kama anavuta bangi au anakunywa. Msichague la kusema kwa kuangalia heshima ya ukoo. Mkipeleka, pelekeni nakala, kadi halisi ibaki kwa wakili.

Mjiandae pia kwa jibu zuri linalouma. Mahakama ikisema alitenda lakini alikuwa mgonjwa wa akili, harudi nanyi nyumbani jioni ile. Anaweza kuzuiliwa hospitali kwa amri mpaka ionekane anafaa kuachiwa, na muda huo hauna tarehe iliyoandikwa ukutani. Mama alikuwa ameshapika.

Mengine ni ya kawaida. Kama Kiswahili chake si kizuri, semeni mapema atafutiwe wa kumtafsiria. Ombeni wakili apate nakala ya ripoti. Atakayewafuata koridoni akisema ripoti inanunulika, mkimbieni, hata kama amevaa tai. Nauli ya Dodoma wekeni kando ya fedha za wakili, zisichanganyike. Simu ya anayefuatilia iwe na chaji, na asiwe baba mdogo.